Friji na TV: niagize Kariakoo nitumiwe Njombe, au nikubali tu bei ya duka la hapa?

mkazi_wa_baridi

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijatuma hela, maana nikikosea hapa mama watoto atanisimanga mpaka Pasaka.

Ipo hivi. Tumedunduliza hela ya friji la milango miwili, la lita 200 na kitu, na ikibaki tuongezee TV ya inchi 55 kwa sababu hii tuliyonayo ni ya inchi 24 na ina mstari katikati, ukiangalia mpira wachezaji wote wamekatwa viuno. Niko Njombe mjini. Duka la hapa, ambalo mwenyewe namfahamu na tunasali wote, friji anasema 1,150,000. Friji hilohilo, modeli ileile (nimepiga picha kile kibandiko cha nyuma nikalinganisha herufi kwa herufi), kuna peji ya Insta ya Kariakoo wanauza 890,000. Tofauti ni laki mbili na sitini, kwangu hiyo sio hela ya kufumbia macho. TV nayo wamepishana kama laki na nusu.

Nimemcheki WhatsApp, jamaa anajibu chapchap, kila sentensi "boss wangu", anasema nilipe yote kwanza kwenye namba yake ya simu alafu wanapakia kwenye basi, kesho yake napokea. Nikamuomba nilipe nusu, nusu nimalizie mzigo ukifika, akasema huo utaratibu ni wa wateja wa Dar tu. Peji ina wafuasi zaidi ya elfu 80 ila sehemu ya maoni imefungwa. Hicho ndo kinanikosesha amani.

Waliowahi kuagiza vitu vikubwa hivi kutoka Dar kuja mikoani, mzigo ulifika mzima? Na ukikuta una shida unamrudia nani? Kejeli naombeni mziweke pembeni leo, presha iko juu.

Pwaguzi

Njombe friji la nini mkuu? Weka maji dirishani saa mbili usiku, asubuhi unayakuta yamepoa kuliko yaliyolala kwenye friza huku Temeke. Hiyo hela nunua hita.

mama_wawili

Mdogo wangu usisikilize hao, ngoja nikupe yangu ambayo mpaka leo nikiikumbuka tumbo linauma.

Mwaka juzi niliagiza TV ya inchi 55 kwa staili hiyohiyo, peji ina wafuasi kibao, mkaka ana maneno matamu balaa. Nikatuma hela, na kusema ukweli hakunitapeli, TV alituma, picha ya boksi likiwa stendi alinitumia na risiti ya basi akanitumia. Mimi niko Songea. Mzigo umefika saa tatu asubuhi nimeenda na bajaji kuufuata, nakuta boksi limelazwa chali na juu yake kuna magunia mawili ya mchele na ndoo ya mafuta. Sasa mimi ndo kosa nililofanya, boksi kwa nje lilikuwa zuri tu halina hata mchubuko, nikasaini nikaondoka. Nimefika nyumbani watoto wamejaa sebuleni, nachomeka, sauti inatoka vizuri kabisa ila kioo kina doa jeusi kwenye kona kama wino umemwagika na mistari inatambaa toka hapo kama utando wa buibui. Kwa nje ukipapasa hakuna ufa hata mmoja. Kumbe kioo cha ndani ndo kinapasuka, kile cha nje ni laini tu kinabonyea.

Nikampigia mkaka, "dada mzigo ulitoka mzima, ongea na basi". Basi, "sisi tulipokea boksi mama, ndani hatukuona, na ulisaini". Nikaenda kwa fundi akaniambia kubadilisha kioo ni karibu sawa na kununua TV nyingine, nikadhani ananiibia, nikaenda kwa wa pili akasema vilevile. Ikabidi tuwe tunasikiliza taarifa ya habari kama redio miezi mitatu.

Kwa hiyo ukiagiza TV, fungua na uiwashe palepale ofisini kwa wenye basi KABLA ya kusaini, soketi wanazo, wakikukatalia ujue kuna namna. Wakikukodolea macho wakukodolee, wewe washa.

zamani_winga

Nimesimama Mtaa wa Msimbazi pale Kariakoo miaka minne nikiwa winga kabla sijahamia kilimo, ngoja niwape siri za ndani ambazo wenzangu watanilaani.

Kwa wasiojua, winga ni yule kijana anayekudaka ukiwa unashangaa shangaa Kariakoo, "bro unatafuta nini njoo huku", anakupeleka dukani, duka linamuuzia kwa 840, wewe anakuuzia 890, hiyo hamsini ndo cha juu chake. Hana duka, hana stoo, hana hata kiti. Sasa tangu Jumia, lile soko la mtandaoni, wafunge Tanzania Novemba 2019, huku kwetu ukisema "nimenunua mtandaoni" mara nyingi maana yake ni winga mwenye simu nzuri. Ile picha ya duka linalong'aa ni ya duka la mtu mwingine. Sisemi ni matapeli, mimi mwenyewe nimetuma mizigo mpaka Kigoma ikafika na wateja wakanirudia. Ila elewa unanunua kwa nani. Kitu kikigoma winga ameshakula hamsini yake, duka halikujui, risiti haina jina lako, na pengine risiti yenyewe haipo.

Kwa hiyo hapa watu wanaposhindanisha mtandao na duka wanakosea kidogo. Bidhaa ni ileile, stoo ni ileile, hata huyo mzee wa duka lenu la Njombe anafungia mzigo mtaa uleule. Tofauti ni nani anabeba hasara kati ya Kariakoo na sebuleni kwako. Kwa winga unabeba wewe. Kwa mzee wa Njombe ameshaibeba yeye, akaiweka kwenye bei.

Alafu tupige hesabu kama wafanyabiashara. 890 hiyo ongeza toyo kutoka Kariakoo mpaka stendi ya Magufuli Mbezi elfu 30, fremu ya mbao na kufunga 25 (usiache hii), nauli ya mzigo mkubwa kama friji weka 60, makato ya muamala 10, kirikuu kutoka stendi ya Njombe mpaka kwako 15. Hiyo ni 1,030,000. Laki mbili na sitini yako imebaki laki na ishirini. Nenda kwa huyo mzee na hii karatasi, usimtajie Insta, mwambie tu nina cash leo.

Ukiamua kuagiza hata hivyo, mambo ya kumbana nayo: alipwe kwa lipa namba yenye jina la duka, sio namba ya simu ya mtu. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) iandikwe jina lako na serial namba ya kifaa ile ya kwenye boksi, ina QR kodi ya TRA ukiiskani unaona kama ni ya kweli. Na tafuta ndugu yoyote Dar, hata mjomba wa mke, aende dukani alione limewashwa. Anayekataa ndugu yako asije, huyo sasa ndo tapeli.

fundi_baridi

Mimi ni fundi wa mafriji, nachangia upande wa friji tu, TV sijui mambo yake.

Kwanza wapakiaji wa basi wanapenda kulilaza friji maana likisimama linakula nafasi. Likilala, oili ya kwenye kompresa inapanda kwenye mabomba. Mteja anafika nalo nyumbani ana hamu, anachomeka hapohapo, kompresa inasukuma bila oili ya kutosha au oili inaziba kile kibomba chembamba, baada ya wiki mbili ananipigia "fundi friji linanguruma haligandishi". Hilo halikuwa bovu, limeuliwa na haraka. Likifika lisimamishe, na kama lililazwa liache lisimame angalau kwa muda uleule liliolala, mimi nawaambiaga wateja acha mpaka kesho yake.

Pili, hapa wengi hawajui na kwa mtu wa Njombe ni muhimu kuliko bei. Ndani ya friji ukutani au kwa nyuma kuna kibandiko, tafuta herufi za climate class. Ukikuta T peke yake, limetengenezwa kwa chumba chenye joto la nyuzi 16 mpaka 43. Lenye SN linaanzia nyuzi 10. Sasa Njombe mwezi wa sita wa saba jikoni usiku panashuka kiasi gani mnajua wenyewe. Friji za bei hizi nyingi zina thamostati (kile kipima joto kinachowasha na kuzima kompresa) moja tu, iko upande wa chini. Chumba kikiwa baridi yenyewe inaona "mbona kumeshapoa", inazima kompresa, kule juu kwenye friza nyama inayeyuka. Nimeitwa Makete mara tatu kwa shida hii, mtu anakuambia ameuziwa kanyaboya, kumbe friji zima, ni jiko lake ndo friji. Kwa hiyo Pwaguzi ulikuwa unatania lakini hujakosea sana 😂. Tafuta linaloanza na SN, kama SN-T au SN-ST, na hili duka la hapo unaenda unalisoma kwa macho yako, kwa Insta muombe akupigie picha ya kibandiko na utaona kama hatakuambia "boss wangu zote zinafanana".

Tatu, wakikuambia waranti ya miaka 10 soma maandishi madogo. Mara nyingi hiyo kumi ni ya kompresa tu, friji lenyewe ni mwaka mmoja au miwili, na hela ya fundi na gesi ni juu yako. Muulize pia waranti hiyo inafanyiwa kazi wapi. Kama ni Dar, ujue kulirudisha friji Dar ni nauli ileile mara mbili.

Na usikubali fundi yoyote akuongezee gesi bila kusoma kibandiko. Siku hizi nyingi zinakuja na gesi ya R600a, hiyo inawaka moto kama ya kupikia. Kuna wenzangu wanajaza gesi ya R134a kila friji, wanaharibu.

Mkulima_Nakuru

Majirani salamu kutoka Kenya. Huku kwetu bado kuna zile soko kubwa za mtandaoni, unaagiza unaletewa na kuna siku kadhaa za kurudisha ukiona hujaridhika. Mimi nilinunua fridge hivyo na iliingia nyumbani sawa kabisa, vijana wawili wakaibeba mpaka jikoni. Shida ilikuja kurudisha. Ilikuwa na mlango haujifungi vizuri, wakasema sawa tutarudisha lakini iwe kwa boksi lake na ile styrofoam yote. Na mimi boksi nilikuwa nimeshawapatia watoto wamelifanya nyumba, styrofoam kuku wamedonoa yote. Ikabidi nitoe pesa fundi akanyoosha bawaba. TV mimi nilienda mwenyewe Luthuli Avenue pale Nairobi, nikaiwasha, nikaweka picha nyeupe kisha nyeusi kuangalia kama kuna vidoti vimekufa, nikaibeba wima kwa gari ya shemeji kama mgonjwa. Boksi usitupe ndugu yangu, hata kama mama analia nafasi.

mkazi_wa_baridi

Wakuu nimerudi na mrejesho, asanteni sana na samahani kwa kuchelewa.

Jana nilienda kwa mzee na hesabu ya zamani_winga kwenye karatasi. Sikutaja Insta kama nilivyoelekezwa, ila mzee ana akili, akaangalia karatasi akacheka akasema "hii ni bei ya Kariakoo ukiongeza na kirikuu, nani kakuandikia?" Tukavutana saa nzima mpaka mkewe akaleta chai. Akashuka mpaka 1,070,000, juu yake akanipa friji gadi (kile kifaa cha kulinda friji na umeme unaopanda na kushuka) na usafiri mpaka nyumbani. Kibandiko nilisoma, lile nililokuwa nalitaka mwanzo lilikuwa T peke yake! La pembeni yake, lita zimepungua kidogo, SN-T, bei ileile, nikachukua hilo. Risiti ya EFD ninayo, jina langu limekosewa herufi moja akairudia. Waranti mwaka mmoja na fundi wao yupo Makambako.

Yule wa Insta nilimuomba picha ya kibandiko kabla ya kwenda, akanijibu "boss wangu friji ni friji" akaniblock.

TV tumekubaliana isubiri, mwezi wa nane naenda Dar kwenye harusi, nitaiwasha dukani na kurudi nayo imesimama katikati ya miguu kama ikibidi.

Friji lililetwa saa nane mchana, na kirikuu kililisimamisha ila kuna kona moja walilitega sikuielewa, kwa hiyo nimesema haliwashwi mpaka kesho. Hapa naandika ni saa mbili usiku, mama watoto ameshapanga nyanya ndani, na mdogo wetu kila baada ya dakika tano anafungua mlango anachungulia kama taa imewaka.

mama_wawili

Hongera mdogo wangu. Boksi umeweka wapi?

mkazi_wa_baridi

Uvunguni mwa kitanda. Limegoma kuingia lote, nusu liko nje.