Natahiniwa ECDIS kwenye simuleta, naomba ushauri

Baharia_Luzira: Wakuu, salaam. Mimi ni afisa mdogo, kazi nimeijulia kwenye feri za hapa Port Bell. Karibuni nakwenda Mombasa kutahiniwa matumizi ya ECDIS, ile ramani ya bahari ya kielektroniki. Nadharia naiweza. Kinachoninyima usingizi ni vitendo kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza uendeshaji wa meli: unapewa meli na bandari mbili, unapanga safari mtahini akiwa mgongoni. Niweke mkazo wapi?

Mzee_wa_Zamu: Kijana, kabla hujachora njia, weka kontua ya usalama, yaani mstari wa kina unaotenganisha maji salama na ya hatari kwa meli yako. Usipoiweka, mfumo unajiwekea mita 30, na hiyo 30 haiijui meli yako. Piga hesabu. Tuseme sehemu ya meli iliyo ndani ya maji ni mita 8.2, mwendo unaizamisha 0.6 zaidi, na kampuni inataka 1.5 ibaki chini ya mkuku. Jumla 10.3. Sasa kama ramani ina kontua za 5, 10 na 20 tu, mfumo hauchori 10.3, unaruka hadi 20. Hapo wengi hubabaika, maana maji ya mita 15 yanaonekana ya hatari na meli inapita bila taabu. Basi weka na kina cha usalama 10.3: namba za vina zilizo sawa na hiyo au pungufu zitakolea weusi, uzisome moja moja. Mweleze mtahini haya kabla hajakuuliza.

Dada_Entebbe: Nakazia ukaguzi wa njia. Kasome habari za Ovit, meli ya kemikali iliyopanda fungu la mchanga la Varne, mlango wa bahari wa Dover, tarehe 18 Septemba 2013. Njia ilichorwa na afisa asiye na uzoefu, ikapita juu ya fungu lenyewe, na wakubwa hawakuikagua sawasawa. Alamu ya sauti haikuwa ikifanya kazi. Afisa wa zamu alichukua dakika 19 kutambua kwamba wamekwama! Kwa hiyo mfumo ukishakagua, nawe ivute ramani karibu uipitie njia kwa macho, kipande kwa kipande.

Baharia_Luzira: Asanteni sana. Na kujaa na kupwa? Huku ziwani hatuna, ndiko ninakoogopa.

Mzee_wa_Zamu: Vina vya ramani huhesabiwa toka usawa wa maji yaliyopwa sana, na kontua haisogei maji yakijaa. Ile 10.3 usiipunguze kwa kutegemea maji kujaa. Pakiwa na mahali pa kina kidogo ambapo lazima upite maji yamejaa, andika kwenye mpango saa ya kuingia na ya kutoka. Halafu usiegemee GPS peke yake: weka picha ya rada juu ya ramani uone kama ufuko umelingana, pima na mwelekeo wa mnara.

Dada_Entebbe: Kaka, uliza mapema simuleta yao ni ya kampuni gani. Menyu hazifanani hata kidogo, na kutafuta kitufe huku saa inakwenda kunachosha akili. Waombe wakuruhusu uizoee siku moja kabla.