MJADALA: Hifadhi ya umeme ya grafini iingie mwilini mwa mgonjwa, au iishie juu ya ngozi?

Mleta mada
Wadau, tulijadili hili bila ushabiki. Grafini ni kaboni ileile ya kwenye penseli, ila imebanduliwa hadi likabaki tabaka moja la atomi. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliibandua kwa utepe wa gundi pale Manchester mwaka 2004, na 2010 wakapewa Nobel ya fizikia. Gramu moja, kwa hesabu za nadharia, ina uso wa mita za mraba 2,630. Hapo ndipo waunda supakapasita, yaani vihifadhi umeme vinavyojaa na kutoa upesi, walipochangamka, kwa sababu supakapasita hushika chaji usoni mwa kitu: uso ukipanuka, na akiba inapanuka. Halafu inakunjika. Mwaka 2012 Maher El-Kady na Richard Kaner wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichora grafini kwa leza ya mashine ya kawaida ya kuandikia DVD, wakapata supakapasita unayoweza kuipinda na bado ikafanya kazi.

Sasa kuna wanaosema tusubiri nini, wagonjwa wa moyo wanapasuliwa upya kila betri inapokwisha. Kuna wanaosema mwili wa mtu si maabara. Msimamo wangu nautoa mapema: juu ya ngozi, ruksa. Ndani ya mwili, iingie kama msaidizi wa betri, isiwe ndiyo betri yenyewe. Karibuni mnipinge.

Mzee wa Pesimeka
Wengi mnaoandika humu hamjawahi kulazwa juu ya ile meza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Pesimeka yangu, kifaa cha umeme kinachoupa moyo mapigo, imekaa chini ya mtulinga, kushoto. Nikikibonyeza kwa kidole kinateleza kidogo, kama kokwa chini ya ngozi. Nimeshabadilishiwa mara mbili. Mara ya pili kidonda kilikataa kufunga, nikahangaika na bandeji wiki sita, na pale hospitali waliniambia tu nivumilie.

Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kupandikizwa pesimeka, mwaka 1958, alipitia zaidi ya vifaa 20 hadi anafariki 2001. Kama ipo hifadhi inayochajiwa mara laki moja bila kuchoka, mimi nikatwe tena kwa nini?

Fundi Sakiti
Mzee pole sana. Lakini kabla hujaikimbilia hiyo laki moja, tupige hesabu.

Tuseme pesimeka yako inakula maikrowati 20. Supakapasita hubeba kama watisaa 5 kwa kilo, hivyo gramu moja ni miliwatisaa 5. Gawanya: saa 250, siku kumi na ushee. Na hapo nimeifanya kama haivuji, wakati supakapasita hujimalizia chaji yenyewe hata isipotumika. Betri ya lithiamu na iodini, iliyoanza kuwekwa ndani ya watu mwaka 1972, inakaa miaka, mara nyingi karibu kumi, bila kuguswa.

Na hili wengi hawalijui: ile pesimeka ya kwanza ya Larsson ilikuwa ya kuchaji! Betri yake ilikuwa ya nikeli na kadimiamu, inachajiwa kwa koili (waya uliosokotwa) kupitia ngozi. Miaka ya 1970 zikaja nyingine za kuchaji. Lithiamu ilipokomaa zikaachwa, kwa sababu watu hawakutaka maisha yao yategemee kukumbuka kuchaji. Tulishatoka huko.

Mzee wa Pesimeka
Simu nachaji kila usiku, sijawahi kusahau.

Fundi Sakiti
Simu ikizima hufi, mzee.

Muuguzi wa zamu
Fundi, hesabu yako ni sahihi kwa moyo, lakini umeifanya pesimeka kuwa dunia nzima. Vipo vifaa vya kutuliza maumivu vinavyowekwa karibu na uti wa mgongo, na leo hii vipo vya kuchaji. Mgonjwa anavaa mkanda wenye chaja, anakaa na televisheni yake, basi. Chaji ikiisha maumivu yanarudi, anachukia, anachaji. Hakuna aliyekufa. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, hifadhi inayojaa upesi na kukunjika na mwili ni jambo kubwa. Mleta mada umewafungia mlango kwa kosa lisilo lao.

Mleta mada
Muuguzi hapo umenishika, narekebisha. Kifaa ambacho kikizima mtu anaumia lakini haponzi uhai wake, mgonjwa aachiwe achague. Kwa moyo sijasogea.

Ila nilivyosema "msaidizi" sikuwa natania. Kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa hutoa mshtuko wa kama juli 35 kwa mkupuo. Betri yake haiwezi kuzitoa zote papo hapo, kwa hiyo hujaza kapasita kwa sekunde kadhaa, ndipo kapasita inafyatua. Mgawanyo wa kazi upo tayari: betri ina pumzi ya mbio ndefu, kapasita ni ya kuchomoka. Hizo zilizomo si za grafini, na grafini haiwezi kuingia pale kirahisi kwa sababu kazi ile inataka mamia ya volti. Lakini kifaa kidogo kinachotaka kurusha data kwa redio mara moja kwa saa? Pale inafaa kabisa.

Mkemia
Mnagombana na kaboni, na mimi naangalia maji yake. Supakapasita bila elektroliti, yaani kimiminika au jeli inayopitisha chaji, ni karatasi nyeusi tu. Zile zinazokunjika ambazo hupigwa picha zikizungushwa kidoleni, nyingi zina jeli yenye asidi ya salfuriki au ya fosforiki. Ikipasuka juu ya ngozi unanawa. Ikipasuka tumboni unanawa na nini? Ukikimbilia elektroliti za asetonitrili unapata volti 2.7, na umeweka sumu. Ukirudi kwenye maji ya chumvi, ambayo mwili unayavumilia, maji yenyewe huanza kuvunjika kwenye volti 1.23. Na nishati ya kapasita hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo ukishuka kutoka 2.7 hadi 1 umebaki na chini ya sehemu moja ya saba. Usalama unalipiwa kwa nishati. Hilo halimo kwenye matangazo.

Mwaka 2017 kundi la Kaner na wenzao wa Connecticut walitengeneza kapasita ya grafini iliyochanganywa na protini, inayotumia majimaji ya mwili kama elektroliti. Wazo zuri, maana hakuna asidi ya kuvuja. Ila bado ni ya maabara.

Asiyedanganyika
Na hiyo grafini yenyewe mna uhakika gani kuwa ni grafini? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore na wenzao walipima bidhaa za kampuni 60. Nyingi zilikuwa na grafini chini ya asilimia 10, kilichobaki grafiti, ile ya penseli. Huo ni mbuzi kwenye gunia. Oksidi ya grafini, yaani grafini iliyoshikana na oksijeni, hutengenezwa kwa pamanganeti ya potasiamu, isipooshwa vizuri inabaki na manganizi. Halafu mnataka kumshonea mtu kifuani?

Aprili 2021 Kanada iliwaambia watu waache kuvaa barakoa zenye grafini, ikihofia chembe kuvutwa mapafuni. Hiyo ni barakoa, unavua unatupa.

Mkemia
Malizia hadithi, ndugu. Julai ileile, baada ya uchunguzi, Kanada iliruhusu baadhi ya barakoa hizo zirudi sokoni. Na 2024 Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzao walichapisha utafiti wa watu 14 waliovuta oksidi ya grafini iliyosafishwa sana, bila madhara ya muda mfupi. Hoja yako ya usafi naiunga mkono. Ya kuogopesha watu, hapana.

Asiyedanganyika
Watu 14, muda mfupi. Kifaa cha mzee kinakaa miaka kumi.

Mleta mada
Ndiyo maana sheria ya vifaa tiba ya Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2021, inaviweka vifaa vyenye chembe za nano (ndogo mno, hazionekani kwa macho) kwenye daraja la juu kabisa la hatari kama chembe hizo zina uwezekano wa kati au mkubwa wa kuingia mwilini. Naona ni sawa.

Mzee wa Pesimeka
Nimewasikiliza wote. Moyo nimewaachia lithiamu yenu. Sasa mnijibu moja tu, kwa lugha ya kawaida: huyo msaidizi mkimweka ndani yangu, akianza kuvuja mimi nitajuaje?

Mkemia
Mara nyingi volti yake itaanza kushuka upesi kuliko ilivyozoea, na kifaa kinaweza kumtaarifu daktari, ikiwa aliyekiunda aliweka kipimo hicho.

Mzee wa Pesimeka
Na kama hakuweka?

Mkemia
Utajua kwa ngozi kuwa nyekundu.