Ruzuku ya kuzuia watu kukosa makazi England iliishia kulipa gesti, na mpangaji anaambiwa asubiri dalali wa mahakama

Wakuu,

Uzi huu ni kwa walioko England na wenye ndugu huko. Scotland na Wales wana sheria zao, tusichanganye mambo.

Hadi 2025/26, kila mwaka serikali ilizigawia halmashauri fedha zilizoitwa Homelessness Prevention Grant, yaani ruzuku ya kuzuia watu kukosa makazi. Ilianza 2021/22 kwa kuunganisha ruzuku mbili za zamani, ikiwa paundi milioni 310. Mwaka wa fedha 2025/26 ikafika paundi milioni 633.2. Ukisoma tangazo la wizara ya nyumba unaamini kwamba hizo ni fedha za kumuwahi mpangaji kabla vyombo vyake havijatolewa nje. Sasa mpangaji huyo aende ofisi ya nyumba na notisi mkononi, akiwa bado na wiki saba. Jibu la dirishani ni lile lile: "Kaa hapo hapo mpaka madalali wa mahakama waje. Ukitoka mapema utahesabika umejikosesha makazi kwa makusudi."

Jibu hilo ni kinyume cha sheria, na wanaolitoa wanajua. Sheria ya Nyumba ya 1996, ilivyorekebishwa na sheria ya 2017 iliyoanza kutumika tarehe 3 Aprili 2018, inasema mtu anayeelekea kukosa makazi ndani ya siku 56 ana haki ya kufanyiwa tathmini na kusaidiwa asipoteze nyumba. Mwongozo wa serikali kwa halmashauri, sura ya 6, unasema wazi kwamba si haki kumtaka mtu abaki ndani mpaka mahakama itoe hati ya kumtoa kwa nguvu. Lakini watu wanaendelea kukalishwa, gharama za kesi wanabandikwa wao, deni la kodi linakua, na mwenye nyumba ambaye mwezi wa kwanza alikuwa tayari kuzungumza, mwezi wa sita hapokei hata simu.

Kwa nini wanafanya hivyo? Fuateni hela.

Halmashauri ikiiweka familia kwenye makazi ya muda, inamlipa mwenye jengo kwanza, kisha inadai serikali kuu irudishe kupitia Housing Benefit, yaani fungu la msaada wa kodi ya nyumba. Kinachorudishwa kimefungwa kwenye asilimia 90 ya viwango vya kodi vya Januari 2011. Ndiyo, 2011. Kwa gesti hali ni mbaya zaidi: ukomo ni kiwango cha nyumba ya chumba kimoja cha kulala cha mwaka huo huo, hata kama ndani yumo mama na watoto wanne. Chukueni mfano wa hesabu tu: kiwango cha eneo fulani kilikuwa paundi 200 kwa wiki, serikali kuu inarudisha 180. Mwenye jengo leo anatoza paundi 70 kwa usiku, sawa na 490 kwa wiki. Pengo ni paundi 310 kila wiki. Kwa mwaka ni paundi 16,120, familia moja tu. Na huenda familia hiyo ilitolewa kwenye nyumba yake kwa deni la kodi la paundi 1,800 ambalo ruzuku hii hii ingeweza kulilipa siku moja likaisha.

Pengo hilo lazima lizibwe na fedha fulani, na ndipo ruzuku ya kuzuia ilipoingizwa. Kwa 2025/26 wizara iliweka sharti kwamba asilimia 49 itengwe kwa ajili ya kuzuia, kuwatafutia makazi waliokwisha kukosa, na mishahara ya watumishi. Pigeni hesabu: asilimia 49 ya milioni 633.2 ni kama milioni 310, tena mishahara ikiwa ndani. Zilizobaki, zaidi ya milioni 320, zilikuwa huru kwenda kwenye makazi ya muda. Na hata zingekwenda zote zisingetosha, kwa sababu gharama ya makazi ya muda England ilifika karibu paundi bilioni 2.8 mwaka 2024/25. Tarehe 31 Machi 2025 kaya 131,140 zilikuwa kwenye makazi hayo, na ndani yake watoto 169,050. Ni kujaza pipa lililotoboka.

Kuanzia 2026/27 wamebadili mpangilio. Fedha za makazi ya muda zimehamishiwa kwenye fungu la jumla la halmashauri, na zile za kuzuia zimeunganishwa na za wanaolala nje na za waathirika wa ukatili wa majumbani. Mpango wa taifa uliotolewa Desemba 2025 unataja paundi bilioni 3.5 kwa miaka mitatu. Kutenganisha mafungu ni jambo jema, nalikubali bila kinyongo. Lakini kiwango cha 2011 hakikuguswa. Pengo liko pale pale, na afisa wa dirishani bado anajua kwamba kila familia anayoipokea leo ni bili kesho. Ndiyo maana anaisukuma mbele. Sisemi maafisa wote ni wabaya, wengi wamezidiwa na mafaili. Ila kuzidiwa hakumpi mtu ruhusa ya kuvunja sheria juu ya mgongo wa mama mwenye watoto.

Kuna tundu la pili ambalo wizara hiyo haipendi kulitaja. Msaada wa kodi kwa wapangaji wa nyumba binafsi unatakiwa ufikie nyumba za bei ya chini, yaani asilimia 30 ya chini ya soko. Viwango vilivyowekwa Aprili 2024 vilitokana na kodi za mwaka ulioishia Septemba 2023, kisha vikagandishwa. Kodi haikuganda. Kwa hiyo serikali inampunguzia mpangaji kwa mkono mmoja, kisha kwa mkono mwingine inaipa halmashauri ruzuku ya kuzuia madhara ya punguzo hilo, na ruzuku yenyewe iliishia gesti.

Sasa namna ya kuwabana.

Usiende dirishani kusimulia. Andika barua pepe kwa idara ya makazi, kichwa cha habari kiseme unaomba msaada wa kukosa makazi chini ya Sehemu ya 7 ya Sheria ya Nyumba ya 1996. Taja tarehe notisi inapoisha na siku zilizobaki. Omba tathmini chini ya kifungu 189A na uamuzi wa maandishi kama wanakubali wajibu wa kuzuia chini ya kifungu 195. Ambatanisha notisi, mkataba, taarifa ya kodi iliyolipwa na inayodaiwa, vitambulisho, na uthibitisho wa hadhi yako ya uhamiaji. Neno "maandishi" ndilo lenye uzito hapa. Jibu la mdomo halina rufaa.

Kwenye hatua ya kuzuia kuna mambo mawili ambayo watu wanadanganywa kila siku. La kwanza: huhitaji kuwa na watoto, mimba wala ugonjwa. Masharti ya kipaumbele yanahusu kupewa makazi ya muda na wajibu mkubwa wa baadaye wa kukutafutia nyumba, si kuzuia. Kijana wa miaka 28 asiye na familia anastahili msaada wa kuzuia sawa na mwingine. La pili: hawaruhusiwi kukurusha halmashauri nyingine kwa kisingizio kwamba si mwenyeji. Suala la uenyeji linakuja ukishakosa makazi, si kabla.

Kisha uwape kitu cha kulipia. Maombi ya "naomba mnisaidie" yanakaa kwenye foleni, maombi yenye kiasi na jina la mlipwaji yanasogea. Kama tatizo ni deni, pata barua pepe ya mwenye nyumba inayosema: akilipwa kiasi fulani kabla ya tarehe fulani, ataondoa notisi na kukuachia uendelee. Weka na bajeti ya ukurasa mmoja inayoonyesha kodi ya miezi ijayo utailipaje, maana bila hiyo watasema wanatupa hela. Kama mwenye nyumba anauza, omba amana na kodi ya mwezi wa kwanza ya nyumba mpya, na uulize kama wanatoa malipo ya kumvutia mwenye nyumba. Halmashauri nyingi wanayo na hawayatangazi. Uliza pia malipo ya nyongeza ya kodi, yale ya Discretionary Housing Payment, ambayo kuanzia Aprili 2026 England yameingizwa kwenye mfuko mpya wa dharura wa halmashauri.

Angalieni tarehe. Notisi ya kifungu 21, ile isiyo na sababu, imefutwa kuanzia 1 Mei 2026. Mwenye nyumba anayetaka kuuza sasa anatoa notisi ya miezi minne. Kwa deni la kodi la miezi mitatu anatoa wiki nne. Hii ya wiki nne iko ndani ya siku 56 tangu siku unapoipokea, kwa hiyo andika siku hiyo hiyo. Ile ya miezi minne watakwambia bado mapema. Andika hata hivyo, kisha rudia zikibaki siku 56, ukiambatanisha barua ya kwanza ili wasidai hawakujua.

Baada ya tathmini watakupa mpango wa makazi ulioandikwa kwa ajili yako (Personalised Housing Plan), usome kabla ya kusaini. Mara nyingi umejaa kazi zako na kazi zao ni mistari miwili: wewe upigie simu madalali wa nyumba kadhaa kila wiki, uweke kumbukumbu, wao "watatoa ushauri". Ukishindwa kutekeleza wanaweza kukuandikia kwamba umekataa kushirikiana, na wajibu wao ukaisha. Omba kwa maandishi warekebishe, waeleze wao watalipa nini na lini.

Ukikaribia kukosa pa kulala, wajibu wa makazi ya muda chini ya kifungu 188 una kizingiti kidogo sana: inatosha wawe na sababu ya kuamini kwamba huenda huna makazi, unastahili, na uko kwenye kundi la kipaumbele. Hawatakiwi kumaliza uchunguzi ndipo wakupe chumba. Wakikukatalia jioni hiyo, mtafute wakili wa msaada wa kisheria siku hiyo hiyo, maana njia ya haraka ni Mahakama Kuu. Wenye watoto au mimba hawatakiwi kuachwa gesti ya kutumia jiko na choo kwa pamoja zaidi ya wiki 6, amri hiyo ni ya 2003.

Na wakikupangia nyumba mbali, USIKATAE PAPO HAPO. Watu wengi sana wamepoteza haki zote kwa neno moja la hasira. Ikiwa umeshakubaliwa wajibu mkubwa, pokea funguo, kisha ndani ya siku 21 omba mapitio chini ya kifungu 202 kwamba nyumba haifai. Ukikataa, wajibu wao unaweza kuisha na ukabaki barabarani ukisubiri mapitio. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mama wa watoto watano aliyekuwa Westminster akapangiwa nyumba Bletchley, karibu na Milton Keynes. Alishinda kwa sababu halmashauri haikueleza kwa nini haikupata nyumba iliyo karibu zaidi. Tumieni hoja hiyo: wao ndio wanaotakiwa kuonyesha walitafuta wapi.

Nyongeza, maana wameshauliza wawili.

Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaopewa hadhi ya ukimbizi: kipindi cha kuondoka kwenye nyumba za waomba hifadhi kiliongezwa hadi siku 56 kwa majaribio kuanzia Desemba 2024, kisha Septemba 2025 watu wazima wasio na familia wakarudishwa siku 28. Malipo ya kwanza ya Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, yanachukua wiki tano, yaani siku 35. Serikali imeandika ndani ya sheria kwamba siku 56 ndizo za kuzuia, halafu mwaka 2025 yenyewe ikarudi kuwatoa watu kwa 28 na kuiachia halmashauri iokote. Ukipata barua ya hadhi, omba Universal Credit siku hiyo, na andika kwa halmashauri bila kusubiri notisi ya nyumba.

Wenye viza ya kazi au masomo iliyoandikwa kwamba hawana haki ya fedha za umma: ruzuku hii haiwafikii. Wakiwa na watoto, mlango ni ustawi wa jamii chini ya kifungu 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989, si ofisi ya nyumba.

Mwisho, kazi kwa kila mmoja mwenye barua pepe. Sheria ya Uhuru wa Taarifa ya 2000 inailazimu halmashauri kukujibu ndani ya siku 20 za kazi, bure. Ulizeni haya: katika ruzuku ya kuzuia ya 2025/26 walipokea kiasi gani na kiasi gani kilikwenda makazi ya muda, walilipa madeni ya kodi ya wapangaji wangapi na wastani wa malipo ulikuwa upi, maombi mangapi yalipokelewa kabla notisi haijaisha na mangapi kati ya hayo yalikubaliwa, na familia ngapi zilikaa gesti zaidi ya wiki 6. Majibu yaleteni hapa na jina la halmashauri, tuyapange kwenye jedwali moja na kuwapelekea wabunge wao.