Tupeane uzoefu: mliochoma filla (sindano ya kujaza ngozi) usoni kupunguza mistari, ilikuwaje?

Subira77
Habari zenu wadau. Leo nilikuwa natafuta risiti kwenye pochi ya zamani, ikadondoka stika ndogo ya boksi la filla: jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda. Daktari alinibandulia siku ile akaniambia, "Itunze, ipo siku mtu atauliza." Nikakaa kitandani, yote yakanirudia, nikaona nianzishe uzi.

Nilikuwa na mistari miwili mirefu kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo. Kila nikikutana na mtu, "mbona umenuna?", na mimi wala sijanuna. Nikachomwa mililita 1, nusu huku nusu kule. Alama alinichora nikiwa nimekaa wima, maana ukilala mashavu yanarudi nyuma na mistari inajificha. Maumivu hayakuwa makali kwa sababu jeli yenyewe ina ganzi ya lidokaini ndani yake. Nilichohisi ni msukumo, kama kitu kizito kinajipenyeza chini ya ngozi. Siku ya pili nikavimba hadi nikalia. Wiki ya pili uvimbe ukawa umekwisha na mistari imelainika. Haikufutika, ililainika. Nilikaa nayo kama miezi 10, ikarudi taratibu.

Na nyie je? Leteni mazuri na mabaya.

MamaWawili
Naweka kambi hapa. Nina miadi wiki ijayo.

Chausiku_K
Mimi nilichoma kuondoa mistari ya paji la uso, miezi 3 tu yote ikarudi kama ilivyokuwa. Filla ni wizi mtupu.

Mzee_wa_Maabara
Dada Chausiku, paji la uso na miezi 3, hiyo inaelekea ilikuwa Botox. Botox inazuia neva isimwage asetilikolini, msuli unashindwa kujikunja, na ngozi iliyo juu yake inatulia. Filla haina habari na msuli, yenyewe inajaza palipobonyea. Mistari inayotokea ukikunja uso tu ni kazi ya Botox. Ile inayobaki hata ukiwa umetulia, hasa kuzunguka mdomo, ndiyo ya filla.

Chausiku_K
Kaka, ulikuwepo chumbani? Niliyechomwa ni mimi.

Mzee_wa_Maabara
Sikuwepo, na sikudharau hata kidogo. Ulipewa stika kama ya mleta uzi?

Chausiku_K
Sikupewa kitu. Wala sikuonyeshwa boksi.

Nyota_Njema
Sikutaka kuandika, ila hiyo stika imenitonesha kidonda.

Nilienda kwa mistari hiyohiyo ya Subira. Akaanza upande wa kulia. Nikasikia uchungu mkali, si wa sindano, ni wa kuungua, ukapanda pembeni mwa pua. Nikamwambia. Akajibu kawaida, vumilia. Nikamwomba kioo. Pembeni mwa pua na mdomo wa juu upande ule palikuwa peupe, weupe wa karatasi. Mimi ni mweusi, jamani, ngozi yangu haijawahi kuwa na rangi ile. Akasema ni ganzi imebana mishipa, itaisha.

Nikarudi nyumbani. Jioni weupe ukageuka madoa ya zambarau yaliyosukwa kama wavu. Nikibonyeza kwa kidole na kuachia, rangi hairudi upesi kama upande wa pili. Ndugu yangu anayefanya kazi wodini alivyoona picha akapiga simu, hakuniandikia, alipiga: "Inuka sasa hivi, mshipa umeziba." Nikampigia aliyenichoma kuuliza kama ana dawa ya kuyeyusha. Hakuwa nayo. Mtu anachoma filla na hana dawa ya kuiyeyusha!

Nilipata daktari mwingine usiku uleule. Aliuliza kitu kimoja kwanza: umechomwa nini? Sikujua. Ikabidi simu zipigwe tena hadi jina lipatikane. Kumbe ilikuwa asidi ya hayaluroniki, akanichoma hayaluronidezi, ndiyo dawa ya kuiyeyusha, akasubiri saa nzima, akabonyeza ngozi na kuhesabu sekunde, akachoma tena. Mara nne. Kitambaa cha uvuguvugu juu, aspirini mdomoni. Alfajiri nikaona wekundu unarudi kwenye mdomo wa juu nikamshika mkono yule daktari nikashindwa kusema.

Nina kovu dogo chini ya tundu la pua, la ukubwa wa punje ya mchele.

Subira77
Pole sana mpenzi wangu. Nimesoma huku nimejishika uso.

Kipusa_wa_Pwani
Pole dada. Mtu akiona weupe aweke barafu haraka.

Nesi_wa_Usiku
Hapana hapana! Kipusa, tafadhali. Barafu ni ya uvimbe na vilia vya kawaida. Mshipa ukiziba, baridi inaubana zaidi. Hapo ni joto la wastani, kukanda, na hayaluronidezi mapema iwezekanavyo. Kila saa inayopita ngozi inazidi kufa.

Kipusa_wa_Pwani
Nimeelewa. Ila mimi niliambiwa nisimeze aspirini kabisa, mwenzangu kapewa. Tushike lipi?

Nesi_wa_Usiku
Yote mawili. Kabla ya kuchomwa, aspirini, ibuprofeni na mafuta ya samaki huzidisha vilia. Mshipa ukishaziba, daktari anaitoa makusudi ili damu isigande. Lakini kama unatumia aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache kwa sababu ya urembo, muulize kwanza aliyekuandikia.

Niwaambie jambo, kwa kuwa yaliyompata Nyota yananiumiza. Jina filla linabeba vitu tofauti kabisa. Asidi ya hayaluroniki mwili unaitengeneza wenyewe, inavuta maji na kuyashikilia. Ikichomwa ilivyo inayeyuka ndani ya siku chache, kwa hiyo viwandani nyuzi zake hufungwa pamoja kwa kemikali hadi ziwe jeli, ndiyo maana hudumu miezi 6 hadi 18 kutegemea bidhaa na mahali. Hiyo ina dawa ya kuiyeyusha. Radiesse ni chembe za madini ya kalsiamu, mfano wa yaliyomo kwenye mfupa. Sculptra ni chembe zinazouchokoza mwili utengeneze kolajeni yake, ile protini inayoshikilia ngozi. Na zipo za punje za plastiki zisizoondoka kabisa. Hizi tatu hayaluronidezi haiziyeyushi. Kwa hiyo "nichome filla" peke yake haitoshi, uliza ipi.

Na silikoni ya maji mtu asikubali kuchomwa usoni. Inahama, inatengeneza vinundu hata baada ya miaka mingi, na kuitoa ni kisu.

Mzee_wa_Maabara
Niongezee hapo. Zamani ilikuwa kolajeni ya ng'ombe, Marekani iliidhinishwa mwaka 1981, na ilibidi uchomwe kidogo mkononi usubiri wiki kadhaa kuona kama mwili utaikataa. Restylane, filla ya asidi ya hayaluroniki, ilipokuja huko mwaka 2003 hiyo kazi ya kusubiri ikaisha.

Kijana_wa_1996
Mimi sikuchoma kwa ajili ya urembo. Natumia dawa za VVU tangu zile za mwanzo, na stavudini ilinikausha mafuta ya mashavu. Uso ulibonyea hadi mtu akinitazama tu anajua. Nilikuwa naficha kwa ndevu. Sculptra iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya watu kama sisi, na mimi nikachomwa vipindi vitatu, vimepishana wiki kadhaa. Mwanzo unaona umejaa, ni maji tu, siku chache uso unarudi palepale na unakata tamaa. Mabadiliko yenyewe yalianza baada ya wiki nyingi. Siku niliyonyoa ndevu, mama yangu alinishika mashavu kwa mikono miwili, hakusema neno.

Niliambiwa nikande dakika 5, mara 5 kwa siku, siku 5. Msiache kukanda.

Lulu_T
Kaka Kijana, umeniliza. Mimi lakini nilikatazwa kugusa kabisa!

Nesi_wa_Usiku
Kwa sababu ya kwako ni jeli, yake ni chembe zinazotakiwa kusambaa. Jeli ukiikanda ovyo inaweza kuhama. Fuata ulichoambiwa kwa ile uliyochomwa wewe.

Lulu_T
Sawa. Mimi niliwekewa chini ya macho, ikakaa juu mno, nikawa na kivuli cha bluu kama sijalala. Mwanga ukipita kwenye jeli iliyo juujuu unatawanyika hivyo. Ilibidi iyeyushwe.

Chausiku_K
Bora mafuta ya nazi. Hayajawahi kumziba mtu mshipa.

Kipusa_wa_Pwani
Wala hayajawahi kujaza shimo, dada. Mimi nimechoma mara tatu na sijutii. Kilichobaki ni vidoa vyeusi pale sindano ilipoingia, ngozi yangu ndivyo ilivyo. Safari ya tatu alitumia kanula, ile yenye ncha butu, tundu moja kila shavu, vidoa havikutokea.

MamaWawili
Na kanula haiwezi kuziba mshipa?

Nesi_wa_Usiku
Inapunguza hatari, haiiondoi. Na mahali penyewe pana uzito wake: pua na katikati ya nyusi mishipa inaungana na inayolisha jicho. Jeli ikisukumwa kwa nguvu inaweza kurudi nyuma hadi kwenye retina, mtu akapoteza kuona. Mstari wa katikati ya nyusi mimi ningeuachia Botox.

MamaWawili
Nimepiga simu sasa hivi kule ninakotaka kwenda, nikauliza kama wana hayaluronidezi chumbani. Dada wa mapokezi akasema ngoja niulize, akanirudia: ipo kwenye friji, na daktari mwenyewe ataniambia jina la filla kabla hajafungua boksi. Sijafuta miadi. Nyota, wewe ungerudia?

Nyota_Njema
Hapana, mdogo wangu, ila wewe nenda, umeuliza nisichouliza. Mimi upande wa kushoto haukuchomwa kamwe, maana niliondoka pale kabla hajaufikia. Na wa kulia uliyeyushwa wote usiku ule. Mistari yangu yote miwili ipo.