Sungura huyu ni California halisi au chotara?

Wakuu, habari zenu. Nina sungura jike wa miezi miwili hivi, aliyeniuzia hapa Morogoro aliapa ni California, ile aina ya sungura weupe wenye weusi puani, masikioni, miguuni na mkiani. Ni mweupe, macho mekundu. Puani ana doa la kijivu kama kachovya kwenye majivu, ncha za masikio zimeanza kuiva weusi, ila miguu na mkia bado ni nyeupe pe! New Zealand White, aina nyingine ya sungura, huwa mweupe mwili mzima, ndiyo maana nahisi kachanganywa na aina hiyo. Wazazi wake sijawaona, na picha za mtandaoni nyingi ni za wakubwa.

Naombeni ushauri: weusi wa California hukamilika akiwa na umri gani, na je, joto la huku linaweza kuuchelewesha? Nataka kumtafutia dume wa aina yake.