Naomba ushauri: meno ya sungura yaliyopishana, Mtwara

Wakuu, habari za kazi. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na pumba pekee haziyasugui. Magego yanataka nyasi kavu zenye nyuzi, kila siku, kwa wingi. Nyasi hizo zisikatwe chini ya mikorosho msimu wa kupulizia salfa (dawa ya unga ya kuzuia ukungu). Kwa meno ya mbele natumia vijiti vya mpera, unene wa kidole gumba. Mkorosho hapana, utomvu wake unaunguza.

Sasa kuna dume ambaye meno ya chini yametangulia ya juu, mate yanamtoka. Hapo kijiti hakisaidii kwa kuwa meno hayakutani, na koleo hupasua jino. Daktari gani wa mifugo Mtwara au Lindi anayapunguza kwa mashine? Au bora kuyang'oa kabisa?