Ndagamuntu (kitambulisho cha taifa) inasema mwanamume, aliyekuja kuomba kazi ni mwanamke. Aajiriwe?

Karani wa ajira, Busia, Uganda (mwanzisha mada)
Ndugu zangu, jambo hili limenikaa kooni tangu mwezi uliopita. Tulikuwa tunatafuta mhasibu msaidizi, kwenye ofisi ya uwakala wa forodha. Walikuja wanane. Mmoja alivaa gauni, nywele amesuka vizuri, na mtihani wa hesabu aliumaliza wa kwanza bila kosa hata moja. Nilipofungua bahasha yake, ndagamuntu ina jina la kiume na picha ya kijana aliyenyoa kipara. Akaniambia bila kusita, "Ni mimi, mama." Bosi akaitazama kadi, akasema weka pembeni. Kazi akapewa wa tatu kwa alama. Mnisaidie: kosa lake lilikuwa lipi?

Mzee wa Tororo
Mwanangu, umesahau Sheria ya Kupinga Ushoga ya 2023? "Kukuza ushoga" ni hadi miaka 20 jela. Bosi wako ana watoto wa kusomesha. Nani atasimama kizimbani kueleza kwamba yeye aliajiri mhasibu tu? Na kwa dini yangu, aliyezaliwa mwanamume ni mwanamume.

Karani wa ajira, Busia
Shikamoo mzee. Hofu ya bosi naielewa, neno "kukuza" ni pana mno na hakuna mwajiri anayetaka kulipima kwa shingo yake. Lakini tusome sheria yenyewe. Muswada wa kwanza, Machi 2023, ulitaka kumwadhibu mtu kwa kujitambulisha tu. Rais aliurudisha bungeni, kifungu hicho kikatolewa, ndipo akatia saini tarehe 26 Mei. Inaadhibu tendo. Gauni ni tendo gani? Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta hata wajibu wa kuripotiana, ingawa sehemu kubwa ya sheria iliiacha.

Dereva wa lori, Malaba (Kenya)
Huku kwetu 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyesajiliwa mwanamume alipozaliwa, cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Aliomba karatasi ya kutafutia kazi, akapewa haki. Mbingu hazikuanguka.

Msusi, Kampala
Mimi ni mtu kama huyo mnayemjadili, ingawa si yule wa Busia. Nina diploma ya uhasibu. Nasuka nywele. Kazi ya kusuka siidharau, imenilisha, ila nikiugua wiki moja sili. Mwenye ajira rasmi anakatwa asilimia 5 kwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwajiri anamwongezea 10. Mimi uzeeni nitamdai nani?

Wengine huniambia nirekebishe kadi. Jina linabadilishwa, unatangaza kwenye Gazeti la Serikali. Jinsia je? Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015 inamtaja mtoto aliyezaliwa na jinsia mbili akafanyiwa upasuaji. Mtu mzima kama mimi simo. Nikivaa suruali nifanane na kadi, mwili unanikana. Nikivaa gauni, kadi inanikana. Mara mbili nimeitwa tapeli mbele ya watu, na mara moja mlinzi aliitwa anitoe nje. Siku hizi nikiona tangazo la kazi nalipita tu.

Mzee wa Tororo
Nimekusoma, mwanangu. (Neno hili, nashukuru, halina kike wala kiume.) Imani yangu iko palepale na sitakudanganya. Ila hilo la tapeli si haki. Tapeli huficha kadi. Wewe na yule wa Busia mmeitoa wenyewe, kwa mkono wenu. Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na sijawahi kusahihisha jibu kwa kutazama nguo ya mwanafunzi.

Karani wa ajira, Busia
Ahsante mzee, na wewe dada pole sana. Nimeirudia Sheria ya Ajira ya 2006: inakataza ubaguzi kwa rangi, jinsia, dini, hali ya VVU, ulemavu na mengineyo. Hakuna neno linalomtaja mtu kama yule waziwazi, na "jinsia" mawakili watavutania. Nisingojee mawakili. Nauliza wenzangu mnaoajiri: kwenu kadi inaombwa kabla ya mtihani au baada ya mtu kuchaguliwa? Nataka kumpelekea bosi utaratibu wa kusahihisha kwa namba, bila jina wala picha, na kadi ije mwisho, wakati wa kumsajili NSSF. Bahasha yake bado iko kwenye droo yangu, na mhasibu mwingine anastaafu Septemba.